Mbudya, Mji Mkongwe au Paje: mtu wa Dar akale kisiwa gani

Mkazi wa Dar anayetaka kula kisiwani ana njia tatu. Ya kwanza ni boti ndogo ya Kunduchi hadi Mbudya, au ya Slipway hadi Bongoyo: samaki, chipsi, kuogelea, na jioni uko kwenye foleni ya Mwenge kama kawaida. Ya pili ni boti kubwa ya Unguja, ushuke bandari ya Malindi na ule mjini: Forodhani, migahawa ya vichochoroni, au mezani juu ya mapaa. Ya tatu ni kupita mjini bila kusimama ukalale pwani, Nungwi na Kendwa kaskazini au Paje na Jambiani mashariki, ambako chakula mara nyingi huuzwa pamoja na chumba.

Wengi wetu tunachagua kwa picha. Meza iko mchangani, jua linazama, kamba kochi amepasuliwa katikati, basi tumeshatuma pesa ya kutanguliza. Mimi nachagua kwa swali moja: sahani hii ningeipata Dar? Kama ningeipata Coco Beach au Kigamboni vilevile, basi ninacholipia zaidi ni mandhari. Mandhari si kitu kibaya kulipia, ila bei yake ijulikane kabla mtu hajavuta kiti.

Samaki ni yuleyule

Tuanze na jambo ambalo wauzaji wa likizo hawalisemi. Bahari kati ya Dar na Unguja ni moja. Changu, kolekole, nguru na jodari wanashushwa Feri pale Magogoni, na hao hao wanashushwa Malindi na Nungwi. Samaki hawi mtamu zaidi kwa sababu umevuka maji kumfuata. Kinachobadilika ni mkono wa mpishi, muda tangu avuliwe, na gharama ya vitu vinavyomzunguka sahanini.

Hivyo vinavyomzunguka ndivyo vinavyoumiza Unguja. Viazi mviringo, vitunguu na nyanya kwa sehemu kubwa vinatoka bara, kwa hiyo sahani ya chipsi pale Paje imepanda lori, ikapanda chombo, ikapanda gari tena, kisha inakuja kwako ikiwa imepoa kidogo. Mtu anayevuka bahari akaagiza samaki wa kuchoma na chipsi amechagua chakula ambacho Dar inakipika vizuri na kwa bei nafuu. Kinachozaliwa kisiwani na kupikwa na mikono ya kisiwani ni kingine: nazi, muhogo, pweza, viungo, embe bichi, ukwaju. Hapo ndipo Unguja inapolipa nauli yake.

Kwa samaki wa kuchoma, Mbudya inashinda

Nasema hivyo nikijua ndugu zangu wa Unguja watanuna. Lakini kama hamu yako ni samaki mzima juu ya mkaa, kiganja cha chumvi, ndimu, pilipili ya kusaga na maji ya bahari yakikukauka mgongoni, huna sababu ya kwenda mbali. Mbudya iko mwendo wa robo saa au zaidi kidogo kwa boti ya injini kutoka Kunduchi. Pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, imo katika maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, ndiyo maana unalipa kiingilio cha hifadhi mbali na nauli ya boti. Kiingilio cha raia ni kidogo. Cha mgeni kutoka nje ni kikubwa mara kadhaa, basi ukiwa na shemeji kutoka Ujerumani mwambie mapema, asidhani anaibiwa.

Hakuna menyu. Kabla hujapata banda la makuti, kijana ameshakufikia na sinia: changu wa saizi tofauti, pengine pweza, kamba, siku nzuri kamba kochi. Mambo matatu yamalizwe hapo hapo. Samaki yupi hasa, umguse kwa kidole, kwa sababu "changu mkubwa" wa maneno huwa hana urefu wa changu mkubwa wa kwenye sinia. Bei hiyo ni pamoja na nini, yaani chipsi, kachumbari, ndimu, au ni samaki peke yake. Na ataiva saa ngapi. Jumamosi mchana majiko yanaelemewa, kusubiri saa moja na nusu ni kawaida. Anayejua kisiwa huagiza kwanza, ndipo anavua viatu. Asiyejua huogelea hadi njaa imkamate, kisha anaagiza saa nane na kula saa kumi, karibu na boti ya kurudi, huku mwenye boti anamwita.

Udhaifu wake haujifichi. Asiyekula samaki atapewa kuku na chipsi, hapo ndipo uchaguzi unapoishia. Vyoo ni vya kisiwani. Mabanda huisha mapema sikukuu, na kivuli cha mivinje kinahama na jua, nawe unahama nacho na mkeka wako. Bia na soda zinauzwa, ila wenyeji wengi huja na deli lao la barafu, maji ya kutosha na matunda yaliyokwisha kukatwa.

Bongoyo taratibu ni zile zile. Tofauti ni njia: Slipway ni karibu kwa wa Masaki na Msasani, safari ni ndefu zaidi, na kisiwa chenyewe kina kijia cha kutembea. Kwa kula tu, nakwenda Mbudya. Kwa mtu anayechoka kukaa baada ya sahani moja, Bongoyo.

Jambo moja la maji, maana linawaumbua watu wenye viatu vizuri. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji katika pwani yetu hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Saa nne ndiyo saa ambayo familia nyingi zinafika Kunduchi. Boti itakuwa imesimama mbali, na utaingia majini hadi magotini, ukibeba mtoto begani na deli kichwani. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka, asubuhi maji yamejaa na unapanda karibu kabisa na ufukwe.

Mji Mkongwe mchana na Mji Mkongwe usiku

Mtu akiniuliza ale wapi Unguja, ninamuuliza atakuwa mjini saa ngapi. Mji huu una majiko mawili yasiyofanana, la mchana na la usiku, na wageni wengi wanalijua la usiku tu.

La usiku ni Forodhani. Bustani ilikarabatiwa na mfuko wa utamaduni wa Aga Khan na kufunguliwa upya 2009, iko mbele ya Ngome Kongwe, jirani na jumba la kale la Beit al-Ajaib ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Magharibi ikiingia, meza zinapangwa, taa zinawashwa, wapishi wenye kofia nyeupe wanaanza kuita. Kama hujawahi kwenda, nenda. Watoto wa mji wanajirusha baharini kutoka ukutani, mabibi wamekaa na wajukuu, moshi wa mishikaki unakufuata hadi kwenye benchi. Kwa kukaa na kutazama watu, Coco Beach haijafikia hapo.

Kwa chakula, chagua kwa macho. Kanuni yangu ni kula kinachopikwa mbele yangu kuanzia kibichi. Juisi ya miwa inakamuliwa ukiwa umesimama, na tangawizi na ndimu ndani yake, hiyo haina mjadala. Pizza ya Zanzibar, ambayo si pizza bali ni unga uliotandazwa mwembamba, ukajazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, ukakunjwa na kukaangwa juu ya chuma, nayo inaanzia sifuri mbele yako. Mishikaki ya ng'ombe inayotoka kwenye mkaa, sawa. Urojo, sawa kabisa. Lakini yale marundo ya kamba, makucha ya kaa na vipande vya samaki vilivyochomekwa vijitini na kupangwa kama duka la urembo, mara nyingi vimeshaiva mapema, na ukichagua vinapashwa moto tu. Vimekaa muda gani pale, katika joto lile? Hapo mimi napita na tabasamu.

Kuhusu bei, jitayarishe kwa mazungumzo ya aina hii:

"Karibu dada, onja pweza wetu, laini kabisa."

"Ahsante kaka. Kipande shilingi ngapi?"

"Ah, wewe si mgeni, wewe wa nyumbani. Kula kwanza, tutahesabiana."

"Nashukuru. Basi kwa vile ni nyumbani, tuhesabiane kwanza."

Atacheka, atataja bei, na mtaelewana. Ukikubali kula kwanza, hesabu itakuja na vitu ambavyo hukumbuki kuviomba. Kiswahili cha bara hakikufanyi mzungu, lakini hakikufanyi mwenyeji wa Malindi pia, na muuzaji anakusikia kuanzia "mambo vipi". Papasi, yaani kijana anayewakamata wageni njiani na kuwaongoza, atakayejitolea kukuonyesha "meza ya rafiki yake" ana mgao wake kwenye bili.

Jiko la mchana ndilo ninalolipia nauli. Migahawa ya wenyeji, kama Lukmaan pale Mkunazini au Passing Show upande wa Malindi, hupika asubuhi na kuuza hadi sufuria zikauke. Unaona chakula, unaonyesha kidole, unakaa. Pweza wa nazi, samaki wa kupaka, maharage ya nazi, mchicha wa nazi, pilau, mchuzi wa nguru, chapati, na pembeni juisi ya ukwaju au ya bungo, ambayo Dar unaweza kuitafuta wiki nzima. Fika kabla ya saa saba kama unataka kuchagua, kwa sababu saa nane pweza ameisha na umebaki na kuku. Ijumaa ni siku ya biriani, ila panga muda: wakati wa swala ya Ijumaa milango inafungwa, kisha watu wote wanatoka msikitini na njaa moja.

Kuna atakayesema: biriani ipo Dar, urojo upo Dar, pweza wa supu anauzwa hadi kituo cha daladala. Kweli. Dar inavyo vyote hivi, lakini vimetawanyika. Urojo wa kuaminika uko mtaa mmoja Upanga au Magomeni kwa mtu unayemjua, biriani nzuri iko kwa shangazi wa rafiki yako, mkate wa kumimina unaagizwa siku moja kabla. Mji Mkongwe unavikuta ndani ya mwendo wa miguu, na vinapikwa kila siku kwa watu wanaovila kila siku, si kwa sherehe. Na urojo wenyewe una tofauti. Wa Dar mara nyingi umekolea unga na manjano, wa Unguja una uchachu wa embe bichi au ndimu unaokwenda mbele, kisha ndipo zinafuata kachori, bajia, kiazi, yai, chatne ya nazi na vipande vya muhogo vilivyokaangwa vikavu. Ukimaliza bakuli unahisi umekula, lakini bado unaweza kutembea.

Baada ya hapo, kahawa chungu kwenye kikombe kidogo pale Jaws Corner, na kashata. Huko bei si suala. Suala ni kwamba ukikaa barazani utaulizwa maoni yako juu ya siasa za bara, na ukijibu kwa haraka hutaondoka mapema.

Kuna jiko la tatu mjini, la juu ya mapaa. Emerson Spice na Emerson on Hurumzi ndiyo majina yanayotajwa zaidi: unaweka nafasi mapema, menyu ni moja kwa wote, sahani ndogo ndogo zinafuatana kuanzia jua likizama, na adhana inasikika kutoka kila upande. Chakula ni cha Kiswahili kilichovalishwa nguo za harusi. Ni ghali kwa mfuko wa Dar, na ngazi zake ni nyembamba na za mwinuko, bibi mwenye magoti hapandi. Kwa kumbukumbu ya ndoa, ndiyo. Kwa njaa, hapana. Anayetaka jua tu na kinywaji, bila mlolongo wa sahani, aende Africa House akae upenuni.

Tukiwa kwenye vinywaji: migahawa ya wenyeji haiuzi pombe, Forodhani haiuzi, na hata baadhi ya hoteli nzuri mjini haziuzi, Tembo ikiwa mfano. Anayetaka bia na samaki mezani kwa pamoja atakwenda mahali penye leseni, na hapo menyu inakuwa ya kitalii pamoja na bei yake. Huyo angefurahi zaidi Mbudya.

Pwani: unalipia kukaa

Nungwi, Kendwa, Paje na Jambiani ni swali tofauti, kwa sababu huko kula na kulala vimefungwa pamoja. Hoteli itakuuliza kama unataka chumba na kifungua kinywa tu, au na chakula cha jioni, au kila kitu ndani. Hapa watu wa Dar tunakosea upande mmoja: tunachukua kila kitu ndani kwa sababu tunaogopa bili za mshangao.

Kwa Nungwi na Kendwa hofu hiyo ina msingi. Hoteli zimepangana ufukweni, chakula kingi ni cha kumridhisha mtu wa Italia au Uingereza, na ukitoka nje ya geti usiku unakuta mgahawa mwingine unaofanana na uliotoka. Ila kijiji cha Nungwi kipo nyuma ya hoteli hizo, na kijijini kuna wali na samaki kwa bei ya wanakijiji. Mchana ni rahisi kwenda kwa miguu. Kwa hiyo kaskazini nachukua kifungua kinywa na chakula cha jioni hotelini, na mchana nakwenda kijijini. Faida nyingine ya kaskazini ni bahari: maji hayatoki mbali kama mashariki, kwa hiyo unaweza kuoga kabla na baada ya kula bila kutazama kalenda ya mwezi, na jua unaliona likizama baharini.

Mashariki ni kinyume. Paje na Jambiani maji yakipwa yanaondoka hadi karibu na mwamba, unabaki unatazama mashamba ya mwani na akina mama wakirudi na magunia. Kuogelea kunasubiri. Lakini kula nje ya hoteli ni kuzuri zaidi, hasa Jambiani, kijiji kirefu chenye vimgahawa vya familia kando ya ufukwe. Siri yake ni subira. Ukiagiza saa nne asubuhi, mwenye jiko anakwenda kutafuta pweza au samaki kwa waliotoka mwambani, anakuna nazi, na saa nane unakula kitu ambacho hoteli ya nyota nyingi haikipiki. Ukifika saa nane na njaa, utapewa tambi. Kwa hiyo mashariki chukua chumba na kifungua kinywa tu, mengine ufanye kwa miguu.

Upepo nao uangaliwe. Kusi linapovuma, Juni hadi Agosti hasa, linapiga pwani ya mashariki uso kwa uso. Wacheza tiara za majini wa Paje wanafurahi, wewe unashika kitambaa cha meza kwa mkono mmoja na kijiko kwa mwingine. Kaskazi, Desemba hadi Februari, ndiyo inayoisumbua Nungwi zaidi. Na wakati wa masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi za pwani zinafunga kwa matengenezo. Zilizobaki wazi zinashusha bei sana, lakini menyu inapungua, basi piga simu uulize jiko linapika nini kabla ya kufurahia punguzo.

Kuhusu menyu za dola: kanuni za Machi 2025 zilipiga marufuku kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Ukikuta bei ya dola, uliza ya shilingi, na uliza kama kodi na tozo ya huduma zimo. Tofauti kati ya zimo na hazimo, kwa meza ya watu sita, ni nauli ya mtu kurudi Dar.

Na ule mgahawa wa juu ya jabali, The Rock, pale Michamvi Pingwe? Kila mtu anauliza. Umekuwepo tangu 2010, ni mdogo, bila kuweka nafasi huingii, na chakula kina mkono wa Kitaliano: tambi, kamba, samaki wa gridi. Maji yakipwa unatembea hadi ngazini, yakijaa unavushwa kwa boti. Ukitaka picha yenye maji pande zote, nenda siku za bamvua na uweke meza ya alasiri, maana ndipo bahari inajaa. Chakula si kibaya. Ila kama una pesa ya mlo mmoja wa aina hiyo, mimi ningeipeleka juu ya mapaa mjini, ambako angalau unakula upishi wa hapo hapo.

Tukiweka pesa mezani

Tuseme watu wawili, Jumamosi moja. Mbudya ni nauli ya boti ndogo, kiingilio, banda, samaki wawili wakubwa na vinywaji, na usiku uko kitandani kwako. Nauli ya boti kubwa ya Unguja kwenda na kurudi, ya mtu mmoja peke yake, mara nyingi inakaribia kulipia siku yote hiyo. Kwa hiyo kwenda Unguja kwa ajili ya mlo mmoja hakuna hesabu inayokubali, isipokuwa uondoke na boti ya kwanza asubuhi na kurudi na ya mwisho, na hata hivyo utaikosa Forodhani.

Lakini ukilala usiku mmoja mjini, hesabu inageuka, kwa sababu milo yenyewe mjini ni rahisi. Mchana mgahawa wa wenyeji, jioni urojo na miwa Forodhani, asubuhi chai, mandazi na mkate wa ufuta mtaani: yote matatu kwa pamoja ni chini ya mlo mmoja wa jioni katika hoteli ya ufukweni. Mtu aliyelipa nauli na chumba mjini amemaliza gharama kubwa. Aliyelipa nauli na gari la Nungwi, kilomita takriban sitini, ndiyo kwanza anaanza.

Mpango wangu kwa anayenikaba ni huu: Mbudya mara nyingi kwa mwaka, mji wa Unguja mara moja au mbili kwa usiku mmoja, pwani pale tu unapotaka kulala na kutofanya kitu kwa siku tatu. Paje kwa siku moja ni uchovu wa kujinunulia.

Ramadhani, watoto, wazee

Ramadhani inabadilisha kila kitu Unguja. Mchana migahawa ya wenyeji imefungwa, na kula hadharani ni kosa la heshima na linaweza kukupeleka polisi. Hoteli za kitalii zinahudumia wageni ndani. Ukienda kwa ajili ya jiko la mchana, utalikosa lote. Lakini jioni zake hazina mfano: baada ya magharibi mji unatoa muhogo wa nazi, ndizi mbivu za nazi, tambi za sukari, kaimati, mkate wa kumimina, na watu wako nje hadi usiku mkubwa. Ukialikwa futari na jirani wa chumba unachokodi, futa mipango mingine yote. Wakati huo Mbudya inaendelea kama kawaida, ila wapishi wengine wamefunga, kwa hiyo usimwambie mpishi aonje chumvi.

Kwa watoto wadogo Mbudya ni rahisi maana wanacheza majini wakati samaki anaiva, mradi umebeba kitu cha kuwatuliza saa ya katikati. Forodhani wanaipenda kwa sababu ya pizza, tamu ya ndizi na chokoleti hasa, ila washike mikono karibu na ukuta wa bahari. Migahawa ya mchana ni mizuri kwao kama hawaogopi pilipili. Mwambie mhudumu mapema, "Shekhe, huyu mtoto, mchuzi usiwe mkali," atakuletea wa kuku uliopoa.

Wazee ni swali gumu zaidi. Mbudya kuna kuingia majini na kupanda boti inayoyumba, Mji Mkongwe kuna mawe na ngazi, na boti kubwa kipindi cha kusi inatapisha hata vijana. Kwa mama au baba mwenye magoti, nasafiri kaskazi ikiwa imetulia, nachukua chumba cha chini karibu na Mkunazini au Darajani ili mgahawa uwe hatua chache, na Forodhani tunafika mapema kabla ya magharibi, tukapate benchi. Akitaka Mbudya tu na si pengine, angalia mwezi kwanza: chagua siku ya maji mafu, boti ya saa tatu au nne asubuhi maji yakiwa juu, na umalizane kabisa na mwenye boti kwamba saa nane mnarudi, si saa kumi, kwa sababu siku hiyo saa kumi ndiyo maji yatakuwa yamekauka Kunduchi.